Fyuzi ya Fundi Ramadhani

Wiki iliyopita mjukuu wangu alileta vijana wawili kumtengenezea nyumba yake ya Sombetini. Alitaka kuta zichimbwe, waya zifichwe, na soketi ziongezwe sebuleni. Mimi niliwekewa kiti uani nikaambiwa nipumzike. Mtu aliyefanya kazi ya umeme miaka arobaini hawezi kupumzika huku anasikia ukuta ukichimbwa vibaya, lakini nilijikaza.

Vijana walikuwa na mashine ya kukatia ukuta. Vumbi lilitoka madirishani mpaka kuku wa jirani wakahama. Kisha nikamsikia mmoja akimwuliza mwenzake, "We, umetoa fyuzi? Usije ukafanya Ramadhani." Wakacheka.

Nikawaita. Walikuja wakiwa weupe kwa vumbi hadi kwenye kope. "Shikamoo babu." "Marahaba. Huyo Ramadhani ni nani?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Si msemo tu, babu. Kulikuwa na fundi zamani alisahau kutoa fyuzi, akafa. Fundi aliyenifundisha ndiye aliyetuambia."

Siku ile niliwaambia warudi kazini tu. Ndiyo maana nawaandikia sasa, ninyi wawili na wengine wote mnaoshika waya kuanzia Sokon mpaka Kwa Mrombo. Ramadhani alikuwa mtu. Alikuwa na mke na watoto watatu, na ndiye fundi mwangalifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Hakusahau kutoa fyuzi. Kabla sijafa nataka jina lake litoke kwenye huo msemo wenu, na mwenye kujua ukweli wake nimebaki peke yangu. Mnivumilie tu, nitapitia kwenye vumbi kwanza, maana bila vumbi hamtaelewa alivyokufa.

Nilianza kazi wakati wa Mwingereza, nikiwa kijana wa Kimeru niliyeshuka mlimani na cheti cha shule ya misheni na viatu vya kuazima. Umeme ulikuwa wa wachache: ofisi za serikali, hoteli, maduka ya Wahindi, nyumba za Wazungu. Leseni ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa. Yeye aliweka saini kwenye karatasi, sisi tuliweka mikono kwenye waya. Mkubwa wetu kazini alikuwa Ramadhani, Mrangi wa Kondoa, aliyejifunza umeme jeshini wakati wa vita. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alivaa koti la kaki lenye mifuko minne ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mimi aliniita Mmeru tu. Jina langu la ubatizo, Anaeli, alilitumia akiwa amekasirika.

Mwezi wangu wa kwanza tulipelekwa kwenye nyumba kuukuu njia ya Moshi, iliyojengwa na Mjerumani, ikavutiwe waya mpya. Nilipanda darini bila kutandika kitu chini wala kuuliza nani yuko sebuleni. Nikakanyaga ubao mbovu. Vumbi la miaka thelathini pamoja na kinyesi cha popo vikashuka juu ya meza ambapo memsahibu alikuwa akinywa chai na wageni wake. Nilichungulia kwenye tundu nikaona kofia nne za wanawake zikinitazama. Ramadhani alivua kofia yake, akaomba radhi kwa Kiingereza cha jeshini, akafagia mpaka jioni bila kunisemesha. Tulipofika barabarani ndipo akasema, "Mmeru, leo umewanywesha Wazungu chai ya popo. Wakija kukushitaki, sema wewe ni mtu wa Kilimanjaro."

Kesho yake akaanza kunifundisha. Vijana, mnaposikia fundi wa zamani msidhani hatukuwa na akili kwa sababu hatukuwa na mashine. Ramadhani aliweza kuchimba mfereji wa ukuta mzima na mwenye nyumba akala chakula chumba cha pili.

Kwanza alifunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa matambara, akatundika gunia lililolowa maji mlangoni. Vumbi linalotaka kutoka hunasa kwenye gunia bichi. Kisha alilowesha ukuta kwa brashi ya chokaa, akaungoja unywe maji, ndipo akashika tindo na nyundo. Ukuta mkavu ukiugonga unakurushia unga, lakini mbichi unaangusha makombo tu. Akitoboa tundu dogo alibandika bahasha ya barua chini yake, ikapokea unga wote. Na kufagia, hakufagia kavu hata siku moja. Kila Jumatatu alinituma kwenye mashine ya kukobolea kahawa kuchukua makapi. Tuliyanyunyizia maji kidogo, tukayamwaga sakafuni, tukayafagia pamoja na vumbi. Sakafu ilibaki safi na nyumba ikanukia kahawa. Kuna memsahibu mmoja aliyetuita mara mbili kwa ajili ya harufu ile tu, taa zake zilikuwa nzima.

Na koti. Koti la kazi halikuingia chumba kingine. Ukitoka chumba cha kazi unalivua mlangoni, unalitundika nje, na linakung'utwa nje, mbali na madirisha. Ramadhani aliishika sheria hiyo kama alivyoishika swala yake.

Upande wa waya sheria yake ilikuwa fupi zaidi. Alisema, "Fyuzi inakaa mfukoni mwa anayeshika waya." Siku zile fyuzi ilikuwa kipande cha kauri nyeupe chenye uzi wa shaba, unakivuta kwa mkono kutoka kwenye bodi ya fyuzi ukutani, na njia hiyo ya umeme inakufa. Ramadhani hakukubali uiweke juu ya bodi, wala dirishani, wala umpe mtu akushikie. Mfukoni mwako. Hapo hakuna awezaye kuirudisha bila wewe kujua. Na kila mara kabla hajagusa waya aliupiga mfuko wake kwa kiganja, mara mbili, akasikia kauri ikigonga, ndipo akaanza. Tulimcheka. Hata mke wake, Mama Zaina, alimcheka. Alisema mume wake huupiga mfuko hata kabla ya kushika kijiko.

Mwaka wangu wa tatu nilijaribu kuwa mjanja. Nilitoa fyuzi nikaiacha juu ya kabati, mpishi wa nyumba akaiona, akadhani imeanguka, akairudisha mahali pake kwa heshima zote. Nilirushwa kutoka kwenye ngazi nikaangukia kwenye pipa la maji. Ramadhani alinichungulia humo pipani akasema, "Anaeli, nikuzike kwenu Akeri au nikuzike mjini?" Hakucheka. Tangu siku hiyo fyuzi yangu ilikaa mfukoni, na nilijiona nimehitimu.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizungukazunguka.

Tuliitwa kwenye nyumba ya Mhindi mmoja muuza vitambaa, duka mbele na makazi nyuma. Waya zake zilikuwa zimeoza, mpira umeanza kubanduka. Ndani mlikuwa na bibi mzee, mama wa mwenye nyumba, waliyemwita Ba. Ba alikuwa na pumu mbaya sana. Mkwewe, mama mmoja mpole aliyeitwa Kusumu, alitupokea mlangoni mikono ameishikamanisha. Alituambia, "Fundi, vumbi kidogo tu, Ba hapati pumzi. Daktari amesema tuhame, lakini Ba hataki kutoka nyumba yake. Mtaweza?"

Ramadhani alimjibu, "Mama, Ba hatakohoa kwa ajili yetu." Alikuwa mtu wa kutoahidi ovyo. Akiahidi alitimiza.

Alitimiza. Chumba cha Ba alikilowesha kuliko chumba chochote nilichowahi kukiona. Ukuta ulilowa, gunia mlangoni lililowa, na sakafuni alitandika magunia mengine mabichi ili makombo yakianguka yasitimue kitu. Viatu tulikuwa tumeviacha nje, kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba zile, na kwa sababu viatu vina vumbi. Alifanya kazi pekupeku juu ya magunia yenye maji. Mkiwa mafundi mmeshaanza kutikisa vichwa. Mna haki. Lakini yeye alijua vizuri kwamba maji na umeme havipatani, ndiyo maana siku hiyo alikuwa mwangalifu maradufu. Swichi kuu hatukuweza kuizima, duka lilikuwa linauza na ndani yake mlikuwa na giza. Kwa hiyo asubuhi alitoa fyuzi ya vyumba vya kulala vya mbele, cha Ba kikiwamo, kwa mkono wake mimi nikimwona, akajaribu waya kwa taa ya kupimia, haikuwaka. Akaitia fyuzi mfukoni. Mimi nikatoa ya jikoni, nikaitia mfukoni mwangu. Yeye akaingia chumbani kwa Ba, mimi nikaingia jikoni. Ba alikuwa amehamishiwa chumba cha nyuma, na siku nzima hakukohoa. Hilo nalikumbuka vizuri.

Saa ya adhuhuri Ramadhani alitoka kuswali. Alilivua koti mlangoni, akalitundika kwenye msumari wa baraza ya nyuma, akaenda bombani kutawadha. Koti lilikuwa jeupe kwa chokaa. Nikalitazama. Nikafikiri: akimaliza kuswali akalivaa hivi, akapita karibu na chumba alimo Ba, vumbi hili litapeperuka. Nikataka kumfurahisha. Hakuniagiza. Kwa miaka yote hakuna aliyeligusa koti lile, na siku hiyo nililigusa mimi kwa wema.

Ili vitu visidondoke nikatoa vilivyokuwa mfukoni: penseli, holda iliyopasuka ya kushikia balbu, aliyoitoa chumbani kwa Ba ili aipeleke dukani kutafuta nyingine kama ile, na fyuzi. Nikavitia mfukoni mwangu. Nikalipeleka koti nyuma ya choo, nikalikung'uta mpaka likarudi kaki. Nikalirudisha kwenye msumari. Nikarudisha penseli. Nikarudisha holda. Kisha mpishi wao akaniita nile chapati.

Ramadhani alirudi kutoka kuswali, akaliona koti. "Nani kaliogesha hili?" Nikasema, "Mimi, Fundi." Akalivaa, akatabasamu, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. Akasema, "Mmeru, sasa umekuwa fundi." Akaupiga mfuko kwa kiganja, mara mbili. Nilisikia kauri ikigonga penseli. Ilikuwa holda, kauri ile ile. Akaingia chumbani, gunia la mlangoni likajifunga nyuma yake.

Wengine huniuliza, mbona hakupima tena kwa taa? Alikuwa amepima asubuhi, na fyuzi alijua iko mfukoni. Tangu siku ile mimi hupima kila nikirudi, hata kama nilikwenda kunywa maji tu, na ninyi mfanye hivyo. Waya uliokufa asubuhi usiuamini mchana. Lakini msimtafutie kosa kwa sababu ya hilo.

Mama Kusumu alikuja jikoni na chupa ya dawa ya Ba. Nje mawingu yalikuwa yameteremka kutoka mlimani, na jiko lile lilikuwa na dirisha dogo sana. "Fundi, taa dakika moja tu, nisome kipimo cha dawa." Kazi yangu ya jikoni ilikuwa imekwisha. Nikaenda kwenye bodi, nikatia mkono mfukoni, nikatoa fyuzi mbili. Kwenye bodi palikuwa na nafasi mbili tupu. Asubuhi ile nilikuwa nimetoa moja, lakini siku nyingi nilikuwa nikitoa mbili, na mkono una mazoea yake. Sheria ilisema fyuzi iliyo mfukoni mwangu ni yangu. Nikazirudisha zote mbili.

Taa ya jikoni ikawaka. Mama Kusumu akasema, "Asante, fundi." Nikasikia nyundo ikianguka mbele, kisha ngazi.

Sitawaeleza nilichokiona chumbani. Nilikimbia nikazima swichi kuu, duka zima likaingia giza, watu wakapiga kelele. Tulimtoa barazani. Tulimsugua, tulimwita. Alikuwa amekwenda. Ba ndiye aliyelia kwanza, kule chumba cha nyuma, kabla ya mtu yeyote kumwambia.

Alikuja afisa wa serikali na daftari. Akatazama bodi, fyuzi zote zipo mahali pake. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akakuta penseli na holda. Akauliza nani aliyegusa bodi. Nikasema nilirudisha fyuzi yangu ya jikoni. Ulimi wangu ulisema "yangu", ukaishia hapo. Akaandika kwamba marehemu alianza kazi bila kutoa fyuzi. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema, "Labda alisahau, bwana."

Vijana, maneno yale matatu ndiyo niliyoyabeba tangu hapo. Kuua nilimwua kwa bahati mbaya, na mbele ya Mungu nitalisema hivyo hivyo. Lakini kumsingizia sikukufanya kwa bahati mbaya. Niliogopa jela, niliogopa Mhindi wa leseni, niliogopa mama yangu kule Akeri asikie. Nikamwachia maiti kosa langu, kwa kuwa maiti hajitetei.

Alizikwa kesho yake. Mimi Mlutheri nilishika jeneza kwa kupokezana na watu wa msikiti wake. Baada ya arobaini Mama Zaina aliniita akanipa koti na tindo. Akasema, "Shemeji, yeye alikupenda. Vitumie." Nikavitumia. Koti lilinibana mabegani, nikalivaa hivyo hivyo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na nilipita salama. Niliinuka kazini, nikapewa watu wa kuwafundisha. Nikawafundisha yote ya Ramadhani: gunia bichi, bahasha, makapi ya kahawa, fyuzi mfukoni. Na walipolegea niliwaambia, "Kulikuwa na fundi mkubwa kuliko sisi sote, akasahau siku moja tu. Msifanye Ramadhani." Nani aliuanzisha msemo huo sijui kwa hakika. Lakini aliyeutumia kuliko wote namjua, na kila nilipousema uliniingia mdomoni kwa urahisi zaidi, mpaka kuna siku niliusema huku nacheka.

Miaka kama kumi ikapita. Uhuru ulikuwa unanukia, watu wakikusanyika viwanjani kusikiliza hotuba, na Wazungu kadhaa wakaanza kuuza nyumba zao. Tulikuwa tukitengeneza moja ya nyumba hizo, karibu na mto Themi. Mama Zaina wakati huo alikuwa akiwauzia uji mafundi. Ndivyo alivyowalea wale watoto watatu. Siku hiyo alikuja kwetu na sufuria kichwani, kata yake ya kanga, na vikombe kwenye kikapu. Mimi nilikuwa ndani. Nikamsikia fundi wangu mmoja akimpigia kelele mwenzake aliyekuwa kwenye ngazi, "Fyuzi umetoa, au unataka kufanya Ramadhani?"

Nilitoka mbio, lakini maneno hayarudi. Mama Zaina alikuwa ameshaitua sufuria. Hakukasirika. Alimwuliza yule kijana taratibu, "Mwanangu, Ramadhani yupi?"

Kijana hakujua. Akaeleza yote kwa furaha ya mtu anayejua habari: fundi wa zamani, Mrangi, alikuwa bingwa, akasahau fyuzi, akafa kijinga. Mama Zaina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawapimia uji, kila mtu kikombe chake, na mimi pia. Hakumwaga hata tone.

Alasiri hiyo nilikwenda kwake, nyuma ya soko. Nilimkuta anaosha vikombe. "Shikamoo, shemeji." "Marahaba. Kaa." Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kuanzia koti mpaka holda mpaka taa ya jikoni, na maneno niliyomwambia afisa. Nilisema haraka, kwa kuwa nilijua nikipumzika sitaendelea.

Alipangusa mikono yake kwenye kanga kwa muda mrefu. Nilidhani ataniita mwuaji. Badala yake akauliza, "Kwa hiyo aliitoa?"

"Aliitoa, shemeji. Kwa mkono wake. Nilimwona."

"Na mfuko, aliupiga?"

"Aliupiga. Mara mbili."

Hapo ndipo alipolia. Alikaa chini, kwenye maji ya vikombe, akalia kama msiba umefika siku hiyo. Alipopata sauti akasema, "Miaka kumi nimemkasirikia. Zaina alipougua nilimkasirikia. Kila asubuhi nikikoroga uji nilisema moyoni, ungekumbuka kitu kimoja tu, baba Zaina, kitu kimoja, nisingekuwa hapa. Nimemnyima dua zake. Nimemsomea Fatiha kwa mdomo, moyo umenuna. Na yeye hakunikosea kitu."

Nilipiga magoti nikamwomba anisamehe. Mpaka leo naweza kuwaambia neno kwa neno alichonijibu. "Kuniomba msamaha mimi ni rahisi, niko hapa. Yeye utamwambia wapi? Kawaambie wale aliochekwa mbele yao."

Nilikwenda. Kesho yake, kabla ya kazi, niliwakusanya mafundi wangu wote, nikiwa nimelivaa lile koti, nikawaambia. Yule kijana wa jana alikuja baadaye akanishika mkono. "Pole, Fundi. Tumeelewa. Unamsitiri marehemu kwa ajili ya yule mama. Wewe ni mtu mwema."

Hawakuniamini. Uongo wangu uliaminiwa siku ile ile niliousema, na ukweli wangu ukaonekana heshima kwa mjane. Niliurudia kwa wengine, mwaka hadi mwaka, kazini, kwenye harusi, hata kwenye msiba. Wengine walisikiliza kwa adabu. Msemo ukaendelea kutembea bila mimi, ukavuka Uhuru, ukahama kutoka kwenye nyumba za Wazungu, na wiki iliyopita nikausikia Sombetini, mdomoni mwa mtoto ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa Ramadhani alipokufa.

Mama Zaina alifariki zamani kidogo. Nilikwenda kumwona alipokuwa mgonjwa. Hatukuzungumza juu ya msamaha. Aliniuliza, "Bado wanasema?" Nikamjibu, "Bado, shemeji." Akafumba macho, akasema, "Basi wewe bado hujamaliza."

Niliyoyajua ya kazi nimewaachia humu. Lowesheni ukuta, lakini msisimame kwenye maji mkishika waya. Ramadhani angekuwa wa kwanza kuwaambia hivyo sasa. Fyuzi yako ifunge uzi mwekundu, ijulikane ni ya nani hata ikiwa mkononi mwa mwingine. Mimi nilianza kufunga baada ya mazishi, nimechelewa kwa siku moja. Pimeni kila mkirudi. Na mfuko wa mwenzako usiuguse, hata kwa wema.

Lakini yote hayo mkiyasahau mtakumbushwa na wengine. Hili moja hamna wa kuwakumbusha. Siku mkiwa kazini, vumbi limetulia, na mtu akasema kwa kicheko, "Usifanye Ramadhani," muwe na subira, msimkemee, maana hajui. Mwambieni tu kwamba Ramadhani aliitoa, na aliyeirudisha anaitwa Anaeli.